Nyasi za Heshima na Keekee ya Umeme

Kwa miaka mingi nimekana, kwa uso mkavu kabisa, kwamba lile tundu lililopinda chini ya simu ya shule yetu ya wasichana pale Muleba nilitoboa mimi. Nimesema ni mchwa (mchwa, kwenye ukuta wa saruji!), nikatundika na kalenda juu yake. Leo naona aibu imeshazeeka vya kutosha: ni mimi, na nilikuwa nimevaa gomesi, lile gauni refu la mshipi mpana kiunoni.

Siku hizo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na simu Muleba ilikuwa jambo la kusikia kwa watu. Tuliiomba kwa sababu msichana wetu mmoja alizidiwa na homa, tukambeba kwa machela hadi barabarani, tukashinda hapo tukingoja gari. Aliponea chupuchupu. Nikaapa hilo halitatokea tena. Ofisi ya Bukoba ikakubali kwa sharti moja: Ijumaa saa tisa wangepiga kujaribu, na kama hakuna wa kuitikia, laini ingekwenda Buganguzi, dukani kwa Ta Novati, aliyekuwa ameiomba pia.

Ta Novati akaja mwenyewe kushuhudia tukishindwa. Wazazi nao wakaja, na akina mama, kama ilivyo kwetu kwa wageni wa heshima, wakatandaza nyasi mbichi sakafuni, nene, zinazonukia, wazee wakakaa juu yake. Bwana Abdallah, fundi simu kutoka Bukoba mjini, alikuwa ameshatoboa tundu la kwanza kwa keekee ya umeme, ile kubwa inayozunguka huku inagonga kama nyundo, jenereta ikinguruma nje.

"Naenda msikitini, Mwalimu," akasema. "Nikirudi natoboa la pili, natundika simu, naunganisha. Muda upo."

Muda ulikuwepo. Kilichokosekana ni subira yangu, maana Ta Novati alitafuna buni zake za kahawa taratibu, akasema kwa adabu ya Kihaya, "Waitu Mwalimu, usihangaike. Simu ni kitu cha biashara. Ninyi wanawake mtampigia nani?"

Wazee wakacheka. Nikachukua keekee.

Sikuwa mjinga, na hilo naomba lieleweke. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu Kampala, na kijitabu cha mashine nilikisoma kwa sauti nikiwafasiria wazee kwa Kihaya: shika kwa mikono miwili, simama imara, usivae nguo inayoning'inia (nikaendelea kusoma, mshipi wa gomesi ukining'inia hadi magotini), hakikisha waya unaonekana. Hapo nikatazama chini. Waya ulikuwa umezama ndani ya nyasi, na juu ya nyasi wamekaa wazee, na kwetu kumwondolea mgeni nyasi alizokalia ni kumwambia aende kwao. Nikajisemea, tundu moja tu, ziache.

Nikabonyeza kifyatuo, nikakifunga kwa kitufe cha pembeni kinachoifanya mashine ijiendeshe bila kidole. Ikanguruma, vumbi likatoka, nikajiona fundi, nikainama kidogo kutazama kazi yangu, mshipi ukanaswa, ukajisokota, ukanivuta, keekee ikachomoka mahali pake ikaanza kuchimba chini ilikotaka yenyewe, gomesi ikaufuata mshipi, na mimi nikabaki nimebanwa ukutani nikiwa na shimizi tu, nalia, "Chomoeni waya! Chomoeni!" na waya hauonekani, wazee wazima wamepiga magoti wanapekua nyasi kama kuku, na Ma Yustina, mpishi wetu, anapiga yowe akimlilia mama yake kwa Kihaya, "Mawe! Mwalimu analiwa!" mpaka Ta Novati (ndiyo, yeye) akakimbia nje akazima jenereta.

Akarudi mlangoni, akatazama dari kwa adabu.

"Sasa hiyo laini," akauliza, "nije kuichukua mwenyewe, au mtaniletea?"

Ningeweza kulia. Badala yake nikavaa koti la jikoni la Ma Yustina, lililonibana kila mahali, nikafanya lile nililoliogopa.

"Wazee wangu, nisameheni. Simameni."

Wakasimama. Nikazoa nyasi zote hadi sakafu ikabaki tupu na waya ukaonekana wote, na mzee mmoja akanuna akaenda kusimama nje. Bwana Abdallah akatukuta hivyo. Akautazama mshipi uliosokotwa kwenye keekee, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, nilikuacha na gomesi."

"Tundu la pili nipe mimi," nikasema.

"Lahaula!" Akakata mshipi, akakagua mashine, akanitazama tena, akaona siondoki. "Haya. Lakini kitufe hicho usikiguse."

Sikukigusa. Mikono miwili, miguu imara, wala sikuitazama saa ingawa Ta Novati alinitajia kila dakika. Tundu likanyooka. Tangu hapo sijawasha mashine yoyote kabla ya kujitazama kwanza mimi mwenyewe, na ikibidi wageni wasimame, wanasimama.

Bwana Abdallah alikuwa ameshaitundika simu na kuiunganisha, anafuta mikono, ilipoita. Nikaipokea kwa koti lile lile.

"Shule ya wasichana, Muleba."

"Nakusikia vizuri," karani wa Bukoba akasema. "Basi laini ni yenu. Niandike ukuta ni mzima?"

Nyuma yangu Ta Novati aliacha kutafuna.

"Ni mzima," nikasema. "Una tundu moja la ziada. Mchwa."