Afande na Jiwe Bakulini

Chubwi. Chubwi. Asubuhi ya leo nilisikia sauti hiyo nikiwa na mikono ndani ya unga, na kabla sijageuka nilishajua: mwanangu amelifikia beseni, na sakafu niliyotoka kuipiga deki imekwisha habari yake. Nilikasirika. Mimi hukasirika haraka, sitawadanganya. Lakini sauti ile ilinivuta kutoka hapa Kasese ikanirudisha Bwera, kwenye chumba cha Mama kilichonuka magunia, maharage na chumvi ya ziwa la Katwe, miaka ile ya mwanzo ya 2010, nikiwa darasa la tatu.

Mama aliuza chumvi na maharage soko la mpakani, Uganda inapokutana na Kongo. Maharage huita panya, kwa hiyo tulifuga paka, dume wa kijivu tuliyemwita Afande kwa vile alivyokagua magunia kila jioni, mkia juu, kama anayetafuta askari aliyelala zamu. Sijaona tena mfanyakazi kama yule. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: maji. Ukimwekea bakuli hanywi kwanza. Anayapiga kwa mguu wa mbele, chubwi, anatazama viwimbi vinavyokimbia, anapiga tena, mpaka bakuli linapinduka na maji yanatambaa kuelekea kwenye magunia. Na chumvi haijui kugombana na maji. Inayeyuka kimya kimya, inakwenda zake.

Siku gunia moja lilipolegea upande wa chini kama shavu la bibi kizee, Mama alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Hii paka iko inakunywa biashara yangu! Ijumaa inaenda Katwe!"

Mwanamke aliyetuletea chumvi kwa lori kutoka Katwe kila Jumatatu na Ijumaa alikuwa amemtamani Afande siku nyingi. Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Tia yeye mu gunia, Mama Masika, asione njia ya kurudi. Kule kwetu atacheza na ziwa muzima."

Ilikuwa Jumatatu. Nililia, halafu nikafikiri. Bakuli linapinduka kwa sababu ni jepesi. Likiwa na jiwe ndani litatulia. Nikaokota jiwe la kwanza nililoliona pale kwenye kona, la rangi ya majivu, kubwa kuliko ngumi yangu, nikalitumbukiza. Afande akayapiga maji mara moja, akalamba mguu, akapiga chafya, akaondoka zake. Jumanne hakucheza. Jumatano hakucheza. Sakafu kavu.

"Masika, weye ulitumia dawa gani?" Mama aliniuliza kwa heshima kabisa. Nikavimba kichwa.

Alhamisi Afande hakukagua magunia. Alilala kando ya mlango, pua imekauka, na panya akapita mbele yake akitembea, hata hakukimbia. Mama akainama kwenye bakuli, akachovya kidole, akaonja. Akatema.

"Mutoto weye! Uliweka chumvi ya mawe?"

Mtoto wa muuza chumvi, na sikuitambua chumvi! Lilikuwa lile jiwe tulilowauzia wenye ng'ombe, la kulamba. Sasa lilikuwa limebaki kama yai.

Nilingoja kofi. Mama alifoka, alifoka sana. Alisema kichwa changu ni debe tupu, paka ni mujinga, na Mungu amempa nyumba ya vichaa. Lakini wakati anafoka alikuwa tayari ameketi chini, Afande mapajani, akimnywesha maji safi katika kiganja chake, tone kwa tone, akimpangusa pua kwa ncha ya kitenge.

Jioni alichukua kitako cha chungu kilichovunjika, kizito, akakizika nusu katikati ya tuta la lengalenga nyuma ya nyumba, akakijaza maji. Kesho yake asubuhi nikasikia: chubwi. Maji yakirukia majani.

"Acha icheze," Mama alisema. "Mboga nayo iko na kiu."

Lori likafika. Mwanamke wa Katwe akashuka na gunia tupu begani. "Basi nipe askari yangu."

Mama hakuinua hata kichwa kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua. "Afande iko kazini. Inamwagilia lengalenga."

Utotoni nilimsikiliza Mama mdomo tu, nikadhani huyo ndiye Mama mzima, mwanamke wa makelele. Mikono yake sikuiangalia. Ilinibidi nizae ndipo nijue kwamba mdomo wake ulipokuwa bado unahukumu, mikono ilikuwa imekwisha kusamehe na inatafuta njia. Mwanamke yule alikuwa fundi, na hakuna aliyemwambia.

Leo nilifoka mpaka jirani akauliza kuna nini. Nilifoka nikiwa na mtoto kwapani na beseni mkono wa pili, nikafoka mpaka nje, nikaliweka katikati ya sukuma wiki zangu.

Chubwi.