Siagi Juu ya Bati

Tulipoambiwa kwamba sasa sisi ni wa Mkoa wa Manyara, mimi hapa Gendabi sikuona tofauti, kwa sababu sikutoka nyumbani kwenda kuitafuta. Nilichoona ni mabati. Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya Katesh yalijaa bati, na watu wakawa wanaacha tembe za udongo. Shida yetu ni upepo. Ziwa Balangida likikauka, vumbi la chumvi linapanda hadi huku, na bati jipya linashika kutu kabla watoto hawajazoea kelele zake za mvua.

Kwa hiyo kampuni moja ya rangi ilipotafuta wakala wa rangi ya kuzuia kutu, niliomba. Kazi ya kukaa mlangoni kungoja wateja, nani angeniweza? Afisa masoko wao alikuja na makopo ya majaribio. Akasema nipake paa moja, naye angerudi baada ya masika. Rangi ikishika, uwakala ni wangu. Isiposhika, anaupeleka Basotu.

Nilichagua paa la jirani, mama mzee wa familia ya wafugaji, ambaye wanawe walikuwa wamemjengea nyumba ya bati. Fundi nilimwelekeza nikiwa chini.

"Umefuta vumbi?"

"Nimefuta."

Nikamwamini. Mimi na ngazi hatujazoeana.

Masika yakaja, na rangi ikaanza kubanduka vipande vipande. Mbuzi wa jirani wakavaa vipande hivyo mgongoni. Afisa aliporudi alipanda mwenyewe, akakwangua bati, akanusa kidole.

"Huku juu kuna mafuta."

"Si mafuta, ni siagi," jirani akamsahihisha. "Nyumba mpya niiache kavu kama haina wenyewe? Mtoto tunampaka, bibi harusi tunampaka. Wanangu walilipaka paa lote siagi, ndipo fundi wa huyu akaja."

"Mama, rangi haishiki penye siagi. Inabidi paa lioshwe kwa sabuni, tupake upya."

"Nioshe baraka? Nenda ukaoshe za kwenu, mwanangu." Kisha akaninyooshea fimbo. "Na huyu anayeuza dawa ya kutu, hebu tazama bati lake. Mganga ana upele kuliko wagonjwa!"

Afisa akatazama. Bati langu lilikuwa jekundu kama barabara.

"Mama, msamehe," mke wangu akasema kutoka mlangoni. "Kupanda paa kwake ni safari ya nje ya mkoa."

Afisa akaanza kufunga begi. Niliona uwakala unaondoka na gari lake, nami nabaki na kicheko cha wanawake wawili. Nikamwambia anisubiri hadi mvua za mwaka unaofuata zipite, nipake paa langu mwenyewe, kwa mkono wangu. Alinitazama tumboni, akatazama ngazi, akaniachia makopo mawili.

Nilipanda. Nilikwangua kutu kwa msasa, nikaosha, nikangoja bati likauke. Kabla sijafungua kopo, jirani akatokea na kibuyu cha siagi.

"Shikamoo mama. Tafadhali, nipake mimi, bati uliache."

"Marahaba. Shuka basi. Au nikurushie?"

Nikashuka, akanipaka kwenye paji la uso, nikanawa mikono kwa sabuni, nikapanda tena kupaka rangi. Alikaa pale chini akinionyesha kila mahali niliporuka, na kwa kweli nilikuwa nimeruka pengi.

Mvua zilipokwisha, afisa alipanda, akakwangua kwa ukucha, kisha kwa ufunguo wa gari. Haikutoka. Akashuka, akanipa uwakala bila hotuba.

Siku hizi mteja wa kwetu akija, swali langu la kwanza ni kama nyumba imeshabarikiwa. Kama bado, namwambia rangi itangulie, ikauke, siagi ifuate. Waliotanguliza siagi sibishani nao, nawauzia rangi ya milango.