Nyumba Nayo Ilikuwa Inatembea?

Yule dume hakuwa na kosa. Nalisema mapema kwa sababu nilimsingizia mbele ya mtu mzima, na yeye hakuwa na namna ya kujitetea zaidi ya kupiga chafya.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, nikiwa kidato cha pili. Nilirudi kijijini kwetu, upande wa Didia, nikakuta magunia ya pamba yamejaa mpaka kwenye chumba ninacholala, na habari ni moja tu: kaka yangu mkubwa anaoa. Mahari ilikuwa imeshakubaliwa. Wakwe zetu wa Kishapu walikuwa wamekuja kuchagua ng'ombe zizini, na kwa kuwa ni watu wenye macho, walinyoosha kidole kwa dume wa babu. Dume mweusi tii, mwenye doa jeupe begani kama mtu aliyemwagikiwa uji. "Na huyu," wakasema. Babu, ambaye kwa Kisukuma tunamwita Guku, alijibu, "Na huyo." Jioni ile hakugusa ugali.

Kaka alikuwa anafanya kazi kwenye mgodi wa almasi, na huko alinunua kamera kwa msimamizi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kiboksi cheusi, kama kopo la majani ya chai lililotobolewa jicho. Akanikabidhi pamoja na filamu mbili, kila moja ya picha nane, na amri: ya kwanza ya kujifunzia, ya pili ya harusi, na ole wako. Filamu wakati ule ziliadimika kuliko sukari.

Kaka alipoondoka tu, Guku aliniita pembeni.

"Hicho kisanduku kinaweza kumshika ng'ombe?"

"Guku, hiki kinashika hata treni."

"Basi nishikie yule, kabla hajaondoka. Nisije nikafika mahali nikabishana na watu kuhusu doa lake."

Nikaona hii kazi rahisi. Kamera yenyewe unaiweka tumboni, unainamisha kichwa, unachungulia kioo kidogo kilicho juu yake. Guku aliipenda papo hapo. Alisema ni kamera yenye adabu, inamlazimisha mtoto kuinama mbele ya wakubwa. Taabu yake ni kwamba kile kioo kinageuza mambo. Dume akienda kulia, kwenye kioo anakwenda kushoto. Nilimfukuza upande usio wake mpaka nikakanyaga mavi mabichi, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la tano, akakaa chini kwa kucheka.

Ndipo nikatoa ile amri yangu maarufu: wote wasipumue. Nilikuwa nimesikia shuleni kwamba picha huharibika mtu akijitikisa, na sikuuliza mtu gani. Kwa hiyo Guku alisimama ubavuni mwa dume, mashavu yamemjaa pumzi kama mpiga baragumu, jicho limemtoka. Majirani waliokuja kutazama nao wakabana pumzi, ingawa hakuna aliyekuwa anawapiga picha wao. Aliyekuwa anapumua pale ni mimi na dume tu. Mimi, mbali ya kupumua, nilikuwa natafuna karanga, na kila nikiyaona yale mashavu ya Guku kwenye kioo cheko linanipanda tumboni, palepale nilipoiegemeza kamera.

Klak. Klak. Saba zikaenda hivyo. Ya nane ilijiendea yenyewe. Dume alianza kuelekea shambani kwa jirani, nikaiweka kamera juu ya gunia la pamba nikamkimbilia, huku nyuma mdogo wangu akaigusa, eti anaangalia tu. Nikamfokea kwamba amepoteza picha bure.

Kesho yake nilipanda baiskeli mpaka Shinyanga mjini kwa fundi wa picha. Nilimwachia filamu, nikarudi baada ya siku tatu. Alinipa bahasha huku anafuta machozi.

"Kijana, mlikuwa mnapiga picha katikati ya tetemeko?"

Niliifungua njiani, na sikuona ajabu. Nilikuwa na maelezo tayari. Nyumbani Guku alizipokea kwa mikono miwili, akaisogeza ya kwanza puani, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Huyu nani?"

"Dume wako, Guku."

"Mbona ana pembe nne?"

"Alitikisa kichwa. Mimi nitafanyaje na ng'ombe asiyesoma?"

"Na huu moshi uliovaa shati langu?"

"Ni wewe. Nadhani ulipumua."

"Sikupumua. Nilikaribia kuanguka." Kidole chake kikapanda polepole juu ya picha. "Na nyumba?"

"Nyumba imefanyaje?"

"Nyumba nayo ilikuwa inatembea?"

Nikaichukua ile picha. Nyumba yetu nyuma ya dume ilikuwa na mapaa mawili, moja juu ya jingine, na mlango wenye vizingiti viwili. Sasa, nyumba ile ni ya matofali. Haijawahi kusogea tangu tulipohamishiwa kijijini hapa tukaijenga wenyewe. Nilifungua mdomo nitoe uongo mwingine, nikakuta ghala tupu.

Guku hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Aliokota ile picha ya nane, iliyopigwa kutoka kwenye gunia. Ilikuwa makalio ya mbuzi, safi kabisa, ungeweza kuhesabu unywele mmoja mmoja.

"Mbuzi umempata vizuri," alisema, akaenda kukaa zizini.

Usingizi haukunijia kwa sababu ya yale makalio. Kwa nini mbuzi atoke vile, tena mbuzi aliyekuwa anatembea, halafu nyumba ya matofali itoke imelewa? Asubuhi nikazipanga picha zote nane kwenye mkeka, nikalala kifudifudi juu yake kama mganga anayetafuta mwizi. Nikaona jambo. Katika zote saba, kila kitu kimerudiwa kwenda chini: pembe na pembe chini yake, paa na paa chini yake, hata kofia ya Guku na kofia nyingine chini yake. Hakuna kilichokwenda pembeni. Nikaishika kamera. Kile kidude cha kubonyezea kiko ubavuni, kigumu, nacho hubonyezwa kwenda chini. Nikabonyeza huku nimelikodolea macho boksi lenyewe. Likaitika kwa kichwa, kama mtu anayekubali: ndiyo bwana, ni wewe.

Nikamweleza mdogo wangu. Akasema, "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni kidude."

"Kidude kinabonyezwa na nani?"

Tulikuwa hatuna filamu ya kuchezea. Ile ya pili ilikuwa ya harusi, na kaka, nilipomtumia ujumbe, alijibu: ng'ombe apewe picha moja, moja tu. Kwa hiyo tukajaribu kamera ikiwa tupu. Niliokota kifuniko cha soda, nikakijaza maji mpaka ukingoni, nikakiweka juu ya boksi. Anayebonyeza bila kumwaga, huyo mikono yake imetulia. Nikabonyeza, maji yakaniingia kwenye mkono wa shati. Tena. Tena. Nilibana pumzi, nikatetemeka zaidi. Nilijaribu kuweka kamera juu ya kinu, ikakaa vizuri sana, ila dume hapangiwi pa kusimama, na kinu hakimfuati mtu. Magunia ya pamba yalikuwa yameshachukuliwa kwenda kupimwa.

"Nipe," alisema mdogo wangu.

Nilimpa ili nimcheke. Aliikumbatia kamera tumboni, viwiko vimebana mbavu, miguu ameipanua kidogo, kiganja kimoja chini ya boksi. Akatoa pumzi nusu. Kidole gumba kikashuka taratibu, kama mtu anayebonya embe aone kama limeiva. Klak. Maji yalicheza, hayakumwagika.

"Bahati," nikasema.

Akarudia mara tano.

"Umefanyaje?"

"Si kama ndoo tu? Ukitoka lambo na ndoo kichwani hushtuki. Maji yakianza kucheza unasubiri yatulie, ndiyo unapiga hatua. Wewe unacheka kabla hujabonyeza, kaka."

"Sicheki!"

"Tumbo lako linacheka. Kamera iko tumboni."

Mwenye kamera nilikuwa mimi, niliyekabidhiwa ni mimi, na kijiji kizima kilikuwa kimeanza kuniita fundi, ingawa wengine walilisema neno hilo wakitazama pembeni. Halafu picha ni moja, na ikipigwa hatutaijua mpaka harusi iishe na filamu isafishwe, na wakati huo dume atakuwa anatafuna majani ya Kishapu. Nilijaribu kifuniko usiku kucha na asubuhi yote. Maji hayakunipenda.

Jumamosi wajomba zetu walifika na fimbo mapema kuwapeleka ng'ombe Kishapu, jua likiwa limeshachomoza vizuri. Ng'ombe wengine walitolewa. Dume alipofika mlangoni pa zizi akasimama, kama anayeuliza jambo. Guku akamwekea mkono shingoni. "Sasa," akaniambia. Hakusema zaidi.

Niliangalia kioo. Walikuwemo wote wawili, na nyumba nyuma yao. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kidude. Nikahisi tumbo, kale kacheko kangu kalikuwa kameshakaa mahali pake, kanasubiri.

Nikaivua kamera, nikampa mdogo wangu. "Shika. Mimi nashika kamba."

Wajomba wakaguna. "Mtoto wa kike?"

"Wajomba, shikamooni," nikasema, "na naomba mnyamaze kidogo, maji yatulie." Hawakuelewa, ila walinyamaza.

Nilisimama upande wa pili wa dume, kamba mkononi, sura ya mtu anayetunga sheria. Mdogo wangu aliinama. Akatoa pumzi nusu. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema polepole, "Kaka, usicheke."

Hapo ndipo aliponimaliza. Klak.

Dume akaondoka. Guku alibaki mlangoni mpaka vumbi likaisha, na bado akabaki.

Harusi ilipita, nikachukua picha mjini siku mbili kabla ya kufungua shule. Sikuifungua bahasha njiani. Guku aliipokea kama mara ile, kwa mikono miwili, akaisogeza puani.

Pembe mbili. Doa jeupe lenye kingo zake zote. Vidole vya Guku shingoni mwa dume, mpaka ile kucha iliyopasuka. Na upande wa pili mtu mwenye shati safi, vifungo vinahesabika, na juu ya kola moshi mtupu.

"Huyu asiye na kichwa?"

"Ni mimi, Guku."

"Nyumba imetulia?"

"Imetulia."

"Na dume?"

"Ametulia."

"Basi safari hii hatubishani." Akamwita mdogo wangu, akamwambia aje akae karibu yake waangalie vizuri. Mimi sikuitwa, nikaenda tu.

Waliangalia muda mrefu. Kisha Guku akainamisha kichwa zaidi. "Kumbe alikuwa na inzi sikioni," alisema. "Siku ile sikumwona." Na kwa ncha ya kidole, taratibu, akajaribu kumfukuza.