Mwalimu wa Mekanike Asiye Mekanize

Watu wa mtaa wa Rwambuzi walikuwa na mchezo wao. Wakimwona Mwalimu Honoré anapita, wanamuuliza: "Mwalimu, ulisha kuwa mekanize?" Mwalimu mekanize ni yule ambaye jina lake limeingia katika mashini ya Kinshasa, na mshahara wa serikali unamfikia. Honoré alifundisha mekanike, ufundi wa mota, miaka na miaka, ila mashini hiyo haikumjua hata kwa sura. Alijibu tu: "Bado kidogo."

Mke wake, Bénédicte, alifundisha ushonaji katika chuo kile kile cha ufundi, na yeye alikuwa mekanize tangu zamani. Unga, sabuni, hata mafuta aliyopaka Honoré kichwani, vyote vilitoka kwenye sindano ya Bénédicte. Honoré alikula, lakini kwa aibu. Mwanaume mzima! Alitamani siku moja tu aingize nyumbani nyama iliyonunuliwa kwa jina lake.

Basi ikaja habari kwamba enspekta, mkaguzi wa shule, anakuja kuhesabu wanafunzi. Serikali yetu yenye huruma haikuwahi kuleta hata bisibisi, lakini kuhesabu, ah, kuhesabu inajua! Darasa likijaa, mwalimu anaandikwa. Likiwa tupu, linafungwa. Na vijana wa Honoré walienea kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Wenzao walikwenda kutafuta zahabu upande wa Djugu, au kujifunza katika garaji za mtaa wa Lumumba, ambako angalau kuna mota. Mota ya chuo ilichorwa ubaoni. Ilichorwa vizuri, tusiseme uongo.

Mkuu wa chuo, Prefe Blanchard, mtu wa akili nyingi kupita kiasi, akamwita. "Mwalimu, usiogope. Tutaazima banafunzi ya madamu yako. Enspekta anahesabu vichwa, hapana suruali. Akimaliza kwako, ninamuingiza ku biro yangu, anakula kuku, na babinti banarudia kwabo ku ushonaji mbio, abahesabu tena."

Mkono mtupu haulambwi, kila mtu anajua. Honoré akaona mpango hauna tundu.

"Na miye nitabakia na nani?" Bénédicte akauliza nyumbani.

"Ni kidogo tu, Mama Prince. Wakati wa kuku."

Bénédicte alimtazama mumewe, akaona ile njaa ya jina. "Haya, Papa Prince. Ni juu yako tu njo ninakubali."

Siku ikafika. Enspekta akakuta darasa limefurika mabinti, mmoja na utepe wa kupimia shingoni. Akamuuliza huyo: "Binti, mota tunaanza kuitengeneza namna gani?"

"Tunapima kwanza kiuno, Papa Enspekta."

Honoré akakohoa karibu atapike. "Kiuno ya... silinda!"

"Babinti mu mekanike!" Enspekta alifurahi machozi yakamlenga. "Hii njo maendeleo!" Furaha ikampanda kichwani hata Prefe alipotaja kuku, akasema kuku ingoje. Mungu wangu! Tangu lini enspekta akaacha kuku ya moto? Akavuka kiwanja, moja kwa moja hadi ushonaji.

Alimkuta Bénédicte peke yake, na vyerehani vimefunikwa vitambaa.

"Madamu, banafunzi yako iko wapi?"

Bénédicte akatupa macho dirishani. Ng'ambo ya kiwanja Honoré alisimama mbele ya mota yake ya chaki, jasho linamtiririka. Neno moja lingetosha kumzika.

"Sina, Papa," akasema.

Karatasi ya kufunga ushonaji ilifika haraka, haikukosa barabara. Jina la Bénédicte likatolewa kwenye mashini ya Kinshasa. Dosiye ya Honoré nayo, yale makaratasi ya kumwandika, wanasema, iko munjia, na mpaka leo ingali inatembea. Bénédicte sasa anashona viraka barazani, na Honoré humshikia kitambaa.

Juzi jirani akapita na mchezo wake ule ule: "Mwalimu, ulisha kuwa mekanize?"

Honoré hakuinua kichwa.

"Siye?" akasema. "Siye tulikuwaka zamani."