Cheti Nilichokificha Kwenye Droo

Admin, ukiposti hii usitaje jina langu wala kijiji. Mafia ni ndogo na tunajuana. Majina niliyotumia humu siyo ya kweli.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nina mume na watoto wawili. Nafanya kazi mapokezi katika kituo kimoja cha afya hapa kisiwani. Nimechoka kubeba jambo hili peke yangu.

Tulikuwa tunafanya kazi kama maadui. Nesi wetu, nimwite Sista Rehema, alikuwa hasalimiani na Juma wa maabara, kijana aliyeletwa kutoka bara. Chanzo chenyewe hakuna anayekijua vizuri. Majibu yakitoka, Juma hakubali kuyapeleka kwa Sista, na Sista hakubali kwenda kuyachukua. Vyeti vya majibu vinaachwa dirishani kwangu, na wagonjwa wanakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Mganga mfawidhi aliitisha vikao mpaka akachoka, tunakaa tunaangaliana tu.

Na mimi sikuwa bora. Sista aliwahi kunigombeza mbele ya wagonjwa, akaniita mzembe, nikaweka kinyongo.

Siku moja alikuja mama kutoka kisiwa cha Jibondo na mtoto ana homa kali. Akapimwa, Juma akaja kuacha cheti dirishani, akaondoka. Muda huohuo Sista akapaza sauti kutoka chumbani kwake, anauliza majibu ya yule mtoto yako wapi. Nilikuwa nayo mkononi. Wallahi sijui shetani gani alinipitia, nikakitia kile cheti kwenye droo, nikamjibu hayajaja. Nilitaka asubiri kidogo tu, aonekane yeye ndiye anayechelewesha watu. Kisha wakaja wajawazito wa kliniki, nikasahau kabisa. Yule mama akasubiri mpaka chombo cha kumrudisha kwao kikawa kinaondoka, akambeba mwanawe akaenda zake.

Kesho yake alirudi, mtoto ana degedege. Ilikuwa malaria, na imeandikwa kwenye cheti kilicholala kwenye droo yangu. Siku ile ndipo nilipomwona Juma anakimbia kwenda chumbani kwa Sista, na nikawasikia wakiitana kwa majina. Mtoto alipona, alhamdulillah.

Mganga mfawidhi akauliza cheti kilikwenda wapi. Juma akasema alikiacha dirishani. Nikasema sikukiona, labda kilianguka kikafagiwa. Bi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyekuwa anatufanyia usafi kwa kibarua, hakubisha. Alisema taratibu, "Kama nimekifagia mimi, Mungu anisamehe." Akaambiwa asije tena. Mimi nimesimama pale, na cheti nilikuwa nimeshakichana.

Hofu ya siku ile ndiyo iliyotubadilisha. Tulikaa wenyewe, bila kuitwa na mtu. Juma akasema majibu atayapeleka kwa mkono wake. Sista akawa anatoka kila mara kuangalia benchi, mtoto aliyezidiwa anaingia kwanza. Mimi nikaanza kuandikisha watu mlangoni mara tu wanapofika. Usafi tukagawana zamu. Sasa tunakula mchana kwenye sinia moja, na saa nne wagonjwa wengi wameshaondoka. Wakubwa kutoka wilayani walikuja kutupongeza, mganga mfawidhi akasema mbele yao kuwa mimi ndiye niliyewaunganisha. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilishindwa, nikamweleza Sista Rehema ukweli wote. Akafunga mlango, akasema, "Ukilitoa hili, Juma hatatuamini tena, tutarudi kulekule na wagonjwa ndio watakaoumia. Nyamaza, mdogo wangu." Nilimkasirikia sana. Lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilifurahi kusikia vile.

Wiki iliyopita nilikutana na Bi Mwanahawa sokoni Kilindoni, anauza maandazi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa uso mkunjufu, akauliza hali za wenzangu mmojammoja. Kisha akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, nasikia siku hizi pale unasikilizwa. Niombee nirudi. Safari hii nitakuwa makini, sitafagia karatasi yoyote kabla sijauliza."

Nikamwambia nitajaribu. Sijajaribu. Napita njia ya nyuma nisikutane naye.

Nyinyi mnaosoma, nitukaneni mkitaka, ila mnielekeze. Nikisema ukweli napoteza kazi, na pengine wenzangu wanarudi kutosemeshana. Nikimwombea arudi bila kusema ukweli, atarudi akiwa bado anaamini kwamba yeye ndiye nusura aue mtoto wa watu. Mngekuwa mimi, mngemwambia nini yule mama?