Mwalimu wa Kabambare Aliyepokea Simu Zangu

Dawa ya kinini iliniponya malaria, ikaniachia mvumo masikioni. Daktari hapa Kasongo aliniambia huenda ungeondoka wenyewe baada ya wiki chache. Wiki zikawa miezi. Mtu akikaa mbele yangu nikaiona midomo yake, tulielewana vizuri. Lakini kwenye simu sikusikia chochote ila mlio, kama mvua juu ya mabati.

Mimi ni fundi wa kushona. Nina cherehani mbili na meza ya kukatia karibu na soko, na kwa miaka mingi nusu ya kazi zangu zimetoka mbali: Nyangwe, Lusangi, vijiji vya njia ya Kabambare. Watu wa huko hupiga simu kwanza, kisha humpa mtu wa moto, pikipiki ya abiria, alete kitambaa. Kuandika ujumbe hawataki, wanataka kuongea. Nami sikumwambia mtu kwamba sisikii. Nani atampa kiziwi kitambaa chake cha harusi? Kwa hiyo niliweka simu sikioni, nikasema "ndiyo, mama, ndiyo," kisha nikakisia.

Siku moja mama mmoja wa Nyangwe alikuja kuchukua gauni lake. Nilikuwa nimelishona bila mikono, na niliona fahari juu ya mshono wake. Alilivaa nyuma ya pazia, akatoka, akasimama mbele ya kioo. Mikono yake yote miwili, toka begani hadi kiwikoni, ilikuwa na makovu ya mawese yaliyochemka yaliyommwagikia zamani. Akanigeukia, akasema polepole, nami nikasoma midomo yake: aliniomba mikono mirefu, mara mbili, na mara mbili nilimjibu ndiyo. Akaliacha gauni mezani, akajifunika kitenge mabegani, akaenda zake. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Wifi yangu ndiye pekee aliyejua hali yangu. Akaniambia kuna mwanamke huko Kabambare, zamani mwalimu wa shule ya msingi, ambaye aliacha kazi ili amuuguze mama yake aliyepooza upande mmoja. Hawezi kutoka nyumbani, lakini nyumba yake iko karibu na mnara na mtandao haumpotei. Wifi alishauri nimpe simu zangu zote: yeye asikie, mimi nishone.

Sikupenda. Wateja wale niliwapata mmoja mmoja, wengine tangu wakiwa wasichana, na sasa mtu nisiyemjua hata uso angeongea nao kwa niaba yangu. Lakini gauni la mama wa Nyangwe lilikuwa linaning'inia ukutani, na kila asubuhi nililiona. Nikamwandikia yule mwalimu. Tukapatana juu ya sehemu yake kwa kila nguo. Nikampelekea laini yangu ya zamani kwa moto, mimi nikanunua mpya ya kuandikiana naye.

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu. Alichanganya kiuno na nyonga, na sketi ya mke wa mchungaji ikakwama mapajani. Nami nilikuwa ninamtumia maneno mawili matatu, kana kwamba anaiona meza yangu. Mwishowe nilichora mwili wa mwanamke kwenye karatasi, nikatia mistari pale ninapopima, nikapiga picha, nikamtumia. Kuanzia hapo kazi ikanyooka. Wateja wasiokuwa na mita ya kupimia aliwafundisha kwa simu kujipima kwa kamba, kisha kuilaza kamba juu ya rula ya mtoto wa shule. Alikuwa na subira ya mtu aliyefundisha darasa la kwanza.

Na kulikuwa na swali moja ambalo sikumwagiza mimi. Nilipomweleza habari ya gauni la ukutani, alianza kumwuliza kila mteja kama kuna pahali pa mwili angependa nguo ifunike. Nikaanza kupata majibu ambayo kwa miaka yote hakuna aliyeniambia. Mmoja alikuwa na mimba changa ambayo wakwe hawajaijua. Mwingine bega lake moja lilikuwa limeshuka. Nilikata vitambaa vyao kwa uangalifu ambao sikuwa nao zamani.

Lakini nilikuwa nimemwagiza jambo lingine pia: wakiuliza fundi yuko wapi, aseme yuko na mteja. Alisema hivyo kwa muda. Kisha asubuhi moja akaniandikia, akiniita yaya, yaani dada mkubwa:

"Yaya, sitasema tena uko na mteja. Watu wanakuona ku soko umekaa, wanafikiri umekuwa na kiburi. Kama hutaki niseme ukweli, nitakurudishia laini yako."

Nilikasirika. Siku mbili sikumjibu. Nilijiambia kwamba nimemweka apokee simu, si anihukumu. Ila siku ya pili jioni, mwanamke niliyesoma naye alipita mbele ya kibanda, akaniangalia, akageuza uso. Nikakumbuka mwalimu aliniandikia kwamba juma lile alipiga simu, akaambiwa niko na mteja.

Asubuhi nikaandika: "Mwalimu, anza na yule mama wa Nyangwe. Mwambie sikumsikia."

Nilingoja. Nilifumua pindo ambalo halikuwa na kosa, nikalishona upya. Saa sita jibu likaingia, ameandika maneno ya yule mama kama alivyoyasema:

"Mimi nilifikiri alinidharau. Kumbe ni masikio. Basi anishonee ingine, na wewe mwalimu ndiye utanisikia."

Nililia kidogo, kisha nikatafuta kitambaa kinacholingana na lile gauni ili niongeze mikono. Sikukipata, nikashona jipya.

Tangu hapo anawaambia wote. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua kitambaa cha harusi ya binti yake, hakutaka kiguswe na mkasi wa kiziwi. Iliniuma. Wengine wamejifunza kusimama mbele yangu sokoni na kuinua uso kabla ya kusema. Na shule moja ya Lusangi imetupa kazi ya sare za darasa zima. Mwalimu alizungumza na mwalimu mwenzake, wakaelewana upesi.

Kiangazi hiki nilipanda moto kwenda Kabambare, siku nzima katika vumbi. Nilitaka kumshonea mama yake mwalimu nguo za kufunguka mbele, rahisi kumvalisha. Nilimkuta bibi amekaa kwenye kiti, jambo ambalo mwaka jana halikuwezekana. Binti yake ni mrefu kuliko nilivyodhani, na anacheka kwa mabega. Sauti yake wateja wangu wote wanaijua, mimi sitaijua. Nilimpima bibi mkono, kifua, mgongo, naye alinyoosha mkono wake ulio mzima bila kuombwa.

Simu ikaita. Mwalimu akaipokea, akasikiliza, akaandika kwenye daftari. Kisha akageukia mlango, mwanga umpige usoni.

"Anauliza kama Jumamosi inawezekana."

Nikahesabu kazi zilizonisubiri nyumbani, nikamwambia inawezekana.