Niliongeza speed ya kompyuta ya duara Rwamgasa, picha ikaganda watu wakiwa chini

Wakuu, nawasalimu kutoka Shinyanga mjini. Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu poleni na joto.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo naurusha ulivyo. Sitaongeza kitu wala sitajisafisha, pale nilipokosea mimi nitasema ni mimi. Majina ya watu nimebadilisha.

Kabla mtu hajauliza: ndiyo, mimi ni mwanamke, na ndiyo, ni fundi kompyuta. Wateja wananiita Mama Doto.

Mwaka jana kikundi cha wachimbaji wadogo cha Rwamgasa, huko Geita, kilinipa kazi. Wanachimba kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, linashuka mita hamsini na kitu. Mawe yanapandishwa kwenye viroba kwa winchi.

Zamani mtu wa chini akishafunga kiroba alisogea pembeni, akavuta waya, kengele ikalia juu, ndipo winchi inavuta. Mwenye duara, Bosi Shabani, mfanyabiashara wa Geita mjini, akataka kitu cha kisasa. Nikawafungia kamera tatu shimoni, nyaya zikapanda hadi kwenye kibanda cha bati ambako mwendesha winchi anakaa. Mbele yake nikamwekea screen.

Kibanda ni kidogo, kwa hiyo nikatumia kompyuta ndogo, ile ya motherboard ya mini-ITX, board yenyewe haizidi kiganja cha mtu mzima kwa sana. Nikaiweka ndani ya kabati la mbao lenye wavu kwa sababu karasha ya kusaga mawe iko jirani na vumbi lake halina huruma.

Kazi ikaenda vizuri. Kengele ikasahaulika taratibu. Waya wake ulikatika siku moja, hakuna aliyeuunga.

Mwendesha winchi anaitwa Jumanne, mwanamume wa makamo, mtu makini sana. Baada ya wiki kadhaa akanipigia, akasema picha inakatakata. Mtu anaonekana anatembea kwa kurukaruka.

Nilijua tatizo. Processor ilikuwa inazidiwa na kamera tatu kwa mpigo pamoja na kurekodi. Dawa ya kweli ilikuwa kubadilisha mashine au kupunguza ubora wa picha.

Mimi nikachagua kuonyesha ufundi.

Wenye mashine za gemu humu mnajua overclock. Kwa wasiojua, ni kuilazimisha processor ikimbie kuliko kiwanda kilivyoipangia. Unaingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine, unapandisha namba, unaongeza na umeme kidogo ili isiyumbe. Nimeshafanya hivyo kwenye mashine zangu mara nyingi na nilikuwa najisikia sana kwa hilo, sitaki kuficha.

Nikaichukua ile kompyuta nikaja nayo dukani Shinyanga. Nikaipandisha kutoka GHz 3.6 hadi 4.3. Nikatoa cooler yake ya kiwandani, ile bapa yenye feni inayopuliza chini, nikaweka ya mnara, nzuri zaidi, inayopuliza kwa ubavu. Nikafanya stress test, yaani kuibebesha mashine mzigo wake wote, nusu saa, asubuhi, mlango wazi, feni ya dukani inanipepea mimi na mashine. Joto la processor nyuzi sabini na moja. Safi kabisa.

Nikairudisha. Picha ikawa laini kama maji. Jumanne akafurahi. Akaniomba niondoe na saa iliyokuwa inaonekana kwenye kona ya picha kwa sababu ilikuwa inaziba pale kiroba kinapofungwa. Nikaiondoa.

Hakuna niliyemwambia kwamba nimeilazimisha mashine. Waliuliza umefanyaje, nikajibu, "Nimeirekebisha kidogo."

Siku kumi na mbili baadaye, saa nne asubuhi, Bosi Shabani akanipigia.

"Mama Doto, kompyuta yako imeganda. Mtu ameumia."

Nikamuuliza ameumia vipi. Akakata simu.

Wakuu, sijui nilifungaje duka. Nilipata gari dogo la kwenda Kahama. Tukapita Tinde, tukapita Isaka tukakwama nyuma ya msururu wa malori yanayotoka bandari kavu. Muda wote napiga simu, hazipokelewi. Nikaanza kuhesabu watu ninaowafahamu wanaoshuka lile shimo. Kila jina nililolitaja moyoni nilijiona kama ninalichagua.

Kahama nikaunganisha gari jingine, nikafika Rwamgasa saa tisa alasiri. Jumanne alikuwa amekaa chini nje ya kibanda, mgongo kwenye bati la moto, hata hakulisikia.

Akanieleza. Mchimbaji anaitwa Shija alifunga kiroba, akasogea pembeni. Jumanne akaona kwenye screen kiroba kimefungwa na hakuna mtu chini yake. Akangoja kidogo kama kawaida, akavuta.

Winchi ikazunguka. Kamba ikapanda. Lakini kiroba kwenye screen kilikuwa palepale, kimekaa chini.

"Ndipo nikasikia ukelele," akasema.

Ile picha ilikuwa ya nyuma. Ilikuwa imeganda kabla hajavuta. Kumbe Shija alirudi kukaza fundo lililokuwa limelegea. Kiroba kikapanda kikiwa upande, mawe yakamwagika juu yake. Helmeti ilimwokoa kichwa. Jiwe moja likampiga begani, likavunja mfupa wa mtulinga.

Alikuwa hai. Nilikaa chini pembeni ya Jumanne.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo naiandika kwa aibu.

Bosi Shabani alishapata mkosaji. Asubuhi ile taa za kibandani zilipepesa kidogo wakati jenereta inajazwa mafuta. Anayeendesha jenereta ni Mzee Masanja, Msukuma mmoja mtaratibu, zamani alikuwa fundi wa malori pale Isaka. Bosi akasema mbele ya watu wote kwamba umeme wake mchafu ndio ulioigandisha kompyuta, na kesho asije, au aje kuchukua spana zake tu.

Kisha akanigeukia. "Au sivyo, fundi?"

Kompyuta ile ina UPS, betri ya akiba. Umeme ukiyumba UPS inapiga kelele. Jumanne alikuwa ameshaniambia kwamba haikulia. Mimi nilijua kabisa maana yake.

Nikasema, "Inawezekana, bosi. Ngoja nichunguze."

Inawezekana. Hilo neno mpaka leo likitoka mdomoni mwangu nalisikia.

Kesho yake asubuhi duara limefungwa, watu wamekaa nje wanasubiri kauli yangu. Nikaingia kibandani peke yangu na mita yangu. Nilikuwa naomba nikute RAM imekufa, au waya wa kamera umeliwa na panya. Kitu chochote kisicho na mkono wangu.

RAM nzima. Disk nzima. Nyaya nzima. Mashine ikawaka kama haijawahi kufanya kosa.

Mzee Masanja akatokea mlangoni, amekuja kuchukua spana zake. Akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Doto."

"Mwangaluka. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Njoo upime jenereta yangu."

Nikaenda. Nikapima mara tatu, yeye amesimama pembeni anaiangalia mita. Volti 228, 229, 228. Umeme uliotulia kuliko wa dukani kwangu mjini.

Akasema taratibu, "Mimi mashine yangu naijua. Ya kwako unaijua?"

"Naijua, mzee."

Akatikisa kichwa, akaenda kukusanya spana zake. Hakubishana na mimi, na hilo liliniumiza zaidi ya matusi.

Nikarudi kibandani. Safari hii nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikafunga kabati, nikafunga mlango wa kibanda, nikawasha kamera zote tatu na kurekodi. Chini kwenye kamera ya kwanza nikamwomba mtu mmoja asimame sehemu salama, awe anapunga tochi. Nikakaa natoka jasho, naitazama ile tochi.

Dakika kumi. Ishirini. Arobaini. Tochi inapunga. Joto la processor nyuzi themanini tu. Nikaanza kupata matumaini, jamani, nilianza kabisa kupanga maneno ya kusema kwamba mashine haina shida.

Dakika ya hamsini na kitu tochi ikasimama.

Nikamwita yule wa chini kwa redio za mkononi nilizokuja nazo. "Bado unapunga?"

"Napunga, mama."

Kwenye screen tochi imeganda hewani. Nje jenereta inanguruma bila kutetereka, UPS kimya.

Nikafungua kabati. Nikagusa vile vipande vidogo vilivyopangwa ubavuni mwa processor, vinavyoilisha umeme, mafundi tunaviita VRM. Nikaungua kidole. Nikaweka waya wa mita wa kupimia joto. Nyuzi mia moja na kumi na nne.

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu. Cooler ya kiwandani niliyoitoa ilikuwa inapuliza chini, upepo wake unatapakaa kwenye board yote na kupoza hivyo vipande. Ya kwangu ya mnara ilipuliza pembeni. Processor ikapoa, namba nilizokuwa naziangalia zikawa nzuri, huku vile vipande vinavyoilisha umeme vikiokwa. Board ndogo namna ile vipande vyenyewe ni vichache, vina kipande kidogo cha chuma cha kupozea, halafu nimevibebesha mzigo wa ziada, ndani ya kabati, ndani ya bati, Rwamgasa. Dukani kwangu mlango ulikuwa wazi.

Nikarudisha BIOS kama ilivyotoka kiwandani. Nikafunga cooler ya zamani, kwa bahati niliibeba. Nikaanza upya jaribio lilelile, mlango umefungwa. Saa moja. Saa mbili. Tochi inapunga, picha inakatakata kama zamani, lakini iko hai. VRM nyuzi sabini na nane.

Sasa mashine imepona, na hakuna mtu mwingine kwenye lile eneo ambaye angeweza kujua ilikuwa inaumwa nini. Ningesema nimeweka kinga ya umeme mchafu, ningeondoka na shukrani. Nilikaa na hilo wazo. Sitawadanganya kwamba nililikataa haraka. Kupitia tundu la bati nilimwona Mzee Masanja anafunga spana zake kwenye kipande cha turubai, moja moja, anazifuta kwanza.

Nikatoka nje.

Nikasema, "Haikuwa jenereta. Ni mimi. Niliilazimisha kompyuta ikimbie zaidi ya uwezo wake, ikachemka, ikaganda. Na sikumwambia mtu."

Karasha ya jirani iliendelea kusaga mawe.

Jumanne akasimama. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Mimi ndiye niliyevuta. Tangu jana najiona nimemvunja mwenzangu. Tangu jana sijala. Na wewe ulikaa hapa pembeni yangu."



Mzee Masanja akafungua turubai, akachukua spana moja, akaenda kukaza kitu kwenye jenereta yake.

Bosi Shabani akasema, "Twende kwa Shija. Ukamwambie mwenyewe."

Kwenye kituo cha afya tulimkuta Shija ameketi kitandani, mkono umefungwa kifuani, mke wake anamlisha uji. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama Doto, umetoka Shinyanga kwa ajili yangu? Ahsante sana. Hizo kamera zako ndizo zinatusaidia."

Wakuu, nililia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo halikumsaidia mtu. Kisha nikamweleza yote, mpaka ile saa niliyoiondoa kwenye kona, ambayo ingesimama na Jumanne angejua picha imeganda. Mke wake akaacha kijiko ndani ya bakuli.

Shija akanisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Akaniuliza swali moja.

"Siku ile unaibadilisha, ulijua inaweza kuganda?"

Nikasema, "Nilijua inawezekana."

Akasema, "Ungetuambia tu, mama. Tungeunga waya wa kengele. Ni kazi ya dakika tano."

Basi. Mke wake akaendelea kumlisha.

Bega la Shija limeunga lakini mkono haupandi juu kama zamani, sasa yuko juu kwenye kupanga viroba. Mzee Masanja yuko na jenereta yake, tunasalimiana. Jumanne akinihitaji anamtuma mtu mwingine anipigie. Waya wa kengele uliungwa, kengele inalia tena, na hakuna anayevuta bila kuisikia, hata kama picha inaonyesha nini.

Nilichojifunza kwa upande wa ufundi: pima mashine mahali itakapofanyia kazi, kwenye joto lake na vumbi lake, siyo kwenye meza yako. Usiamini joto la processor peke yake, pima na VRM. Ukibadilisha cooler kwenye board ndogo, jiulize upepo uliokuwa unafika pale sasa unakwenda wapi.

Upande wa pili ni mfupi. Kama kuna mtu anaitegemea kazi yako kwa uhai wake, mwambie ulichokigusa. Ana haki ya kujua, hata kama hataelewa neno BIOS.

Mwenye mbinu ya kupoza board ndogo kwenye vibanda vya bati bila kuingiza vumbi aweke hapa, bado naihangaikia. Na mwenye la kunichapa anichape, nasoma zote. Ila kama na wewe kuna mashine ya watu uliyoigusa ukanyamaza, kabla hujani-comment, wapigie kwanza.